Kifusi Chini ya Nyumba ya Rampari

Siku hizi matrekta ya mchanga hayapunguzi mwendo yanapopita mbele ya nyumba ya Khelawan Mandal. Zamani yalipunguza. Madereva wa Sonbarhi walikuwa wakimwona Rampari, mke wa Khelawan, amesimama kando ya barabara, pindo la sari limekazwa kiunoni, glasi ya maji mkononi, wakajua kuwa leo hakuna kupita hivihivi. Alipanda tela mwenyewe. Alichota mchanga wa chini kabisa, kwa sababu wa juu huwekwa kwa ajili ya macho, akautia kwenye glasi, akakoroga kwa kidole na kusubiri. Tope likijitenga na kutanda juu ya mchanga kwa unene wa ukucha, tela lilirudi mtoni na shehena yake. Sauti yake ya kulirudisha ilisikika mpaka stesheni.

Sasa hapo mbele hapana mtu. Kuta zimefika usawa wa linta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango, madirisha ni matundu, na mbuzi wa jirani huingia kwa tundu moja na kutokea kwa jingine. Kimya kilichopo kinafanana na cha mtu aliyekatizwa katikati ya sentensi.

Khelawan alikutana na kimya hicho kwanza kwenye simu. Alikuwa Ludhiana, mwendo wa siku mbili kwa treni, katika chumba alichopanga pamoja na wanaume wenzake wa kiwanda cha masweta. Alipiga Jumapili, simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga Jumatatu. Baada ya hapo haikuita hata kuita. Alikaa juu ya godoro lake, nyuzi za sufu zimemganda kwenye nywele kama mtu aliyezeeka kwa siku moja, akikumbuka neno la mwisho alilomwambia mkewe. Alimuuliza bati jipya kwenye paa la kaka yake limenunuliwa na nani.

Hakuwa ameliona bati hilo. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kuna bati. Lilimjia kinywani likiwa tayari limekamilika, likiwa na misumari yake na mng'aro wake, na alipolitamka aliliamini.

Rampari aliletwa Sonbarhi akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba, katika nyumba ya mianzi iliyokandikwa udongo, kwenye kiwanja ambacho kila mtu alikijua kwa ubonde wake. Mvua ikinyesha kwa jirani, maji yalikuja kulala kwao. Mto Kosi uliingia humo mara mbili. Mara ya pili Khelawan alikuwa Ludhiana, kama alivyokuwa Ludhiana kwa mambo mengi, na Rampari aliishi na binti yao Nutan juu ya tuta la reli, na mbuzi, na sanduku la bati, hadi maji yalipopungua. Aliporudi alikuta kambale amekufa mahali pa kitanda. Hakulia. Alimwambia mumewe kwa simu kwamba anataka sakafu ambayo maji hayajui njia yake. Akawa analisema hilo kila mwaka, hata Nutan alipokua, hata alipoolewa Katihar, mpaka Khelawan akaona ni rahisi kujenga kuliko kuendelea kulisikia.

Alikuja likizo majira ya baridi, wakamwita Tirpit.

Tirpit alikuwa fundi mzee, mwembamba, mwenye meno yaliyogeuka rangi kwa tumbaku. Hakuna nyumba ya matofali Sonbarhi iliyoanza bila yeye kutaja bei yake. Alitembea kiwanjani na kamba na vigingi vyake, akapima, akasimama penye bomba la mkono, akatazama mbinguni kidogo, akasaga tumbaku na chokaa kiganjani.

"Laki tatu," alisema.

"Laki tatu ndiyo yote, Mzee Tirpit?" aliuliza Khelawan.

"Vyumba viwili, veranda, paa la zege. Laki tatu. Unataka niseme nne?"

"Nataka useme kweli."

"Kijana, kweli ya nyumba utaijua ukishahamia."

Rampari alicheka chini ya pindo la sari. Kisha Khelawan akaona jambo ambalo hakulisahau. Tirpit alimtazama Rampari, Rampari akamtazama Tirpit, kwa muda wa mtu kumeza mate, na wote wawili wakayatupa macho chini, kwenye udongo. Mtazamo huo ulikuwa na maana, na maana hiyo walikuwa nayo wao wawili. Khelawan alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Alikuwa ameondoka Sonbarhi akiwa na miaka kumi na sita, na mtu aliyekaa sana ugenini hapendi kuonekana mgeni kwao.

Alirudi Ludhiana na mtazamo ule, kama mtu anayebeba kijiwe ndani ya kiatu.

Akatuma pesa. Kila alipotuma, aliwaza ukuta ukipanda. Lakini Rampari akipiga simu, ukuta ulikuwa haujaanza.

"Mama Nutan, nimeshatuma laki nzima na zaidi. Umefika wapi?"

"Bado tuko chini."

"Chini wapi?"

"Chini, Baba Nutan. Wewe si unajua?"

"Najua nini?"

"Sakafu haijafungwa. Siwezi kusema."

Huwezi kusema nini, alitaka kuuliza, na hakuuliza, kwa kuwa aliona anayeuliza amekwisha kupewa uongo nusu. Usiku ule hakula. Mahesar, aliyelala godoro la jirani, akamuuliza ana nini, naye akamweleza kidogo, na Mahesar akamalizia mengine mwenyewe.

"Kaka, mimi sisemi kitu. Ila mwanamke akishika pesa, kaka zake wanapata ng'ombe. Kaka zake wapo?"

"Yupo mmoja. Saryug."

"Ana ng'ombe?"

"Alikuwa naye."

"Basi hesabu sasa hivi. Utakuta wawili."

Wakacheka wote chumbani. Khelawan naye alicheka, ili wasije wakamwona. Lakini tangu hapo alianza kusikiliza simu za mkewe jinsi wanunuzi wa matofali wanavyogonganisha tofali mbili na kutega sikio. Alisikiliza kama zinalia, kama tofali lililoiva, au zimekufa. Akisema saruji imepanda, alimuuliza mtu mwingine bei ya saruji. Akisema vibarua ni watano, aliuliza majina yao. Rampari alijibu kila kitu, mwanzoni kwa maneno mengi, kisha kwa machache. Laki ya tatu ilipokwisha, alisema kuta zinakaribia linta na anahitaji nyongeza kwa ajili ya paa. Hapo ndipo Khelawan alipotaja bati.

Alishuka Sonbarhi asubuhi ya ukungu, na mfuko mmoja. Hakuwa amemwarifu mtu, ili akute mambo yalivyo. Aliikuta nyumba. Ilikuwa na mlango mmoja tu, wa chumba cha mashariki, nao ulikuwa na kufuli. Alipanda ngazi za veranda, akatikisa kufuli, akashuka ngazi, akazunguka nyuma, akarudi. Jirani yao Kalawati alikuwa akimtazama muda wote kutoka kwenye meko yake.

"Shemeji, umekonda," alisema. "Huko hamli?"

"Mama Nutan yuko wapi?"

"Aliniachia ufunguo. Habari hakuniachia."

"Alipanda gari la nani?"

"Alipanda miguu yake. Ulitaka apande nini, tembo?" Kalawati alimletea ufunguo, akamletea na bakuli la mchele wa kupondwa na maziwa mgando, akabaki amesimama. "Mimi siingilii. Lakini mwaka huu kapu la sikukuu ya Chhath halikuja kutoka kwa kaka yake. Wanawake wote mtaani walipokea makapu, yeye akajinunulia miwa na ndizi sokoni kama yatima. Nilimuuliza. Akasema kaka ana shughuli."

Khelawan aliyala maneno hayo pamoja na mchele. Wamekula pesa zangu, aliwaza, kisha wakagombana katika kugawana.

Chumbani alikuta mifuko mitupu ya saruji, imefuliwa, imekunjwa, imepangwa. Alikuta ndoo, karai, timazi, ile glasi imefunikwa kichwa chini juu ya sanduku la bati. Nguo zake Rampari hazikuwapo. Alikaa juu ya sanduku, akaona kwamba hakuna mtu wa kumuuliza isipokuwa nyumba yenyewe. Akaamua kuihoji.

Alihesabu mistari ya matofali na kuizidisha. Alihesabu mifuko. Alikwenda kwenye tanuri la matofali nje ya mji, akajifanya mnunuzi kutoka kijiji kingine, akachukua tofali mbili akazigonganisha kama mjuzi.

"Zinalia," alisema karani wa tanuri bila kuinua macho. "Elfu moja unazitaka kwa bei gani?"

"Kwani bei ziko ngapi?"

"Mbili. Kuna bei ya watu, na kuna bei ya yule mama wa barabara ya stesheni. Ile ya yule mama sikupi. Yule alikaa hapa mlangoni tangu asubuhi mpaka jua linazama, hatuuzi, hatuli, anasema matofali yangu yana njaa ya moto. Nikampa ili niende nyumbani."

Mtu mwingine angemcheka mkewe kwa mapenzi. Khelawan aliondoka na hesabu iliyozidi kuwa mbaya. Ikiwa alinunua kwa bei ya chini, basi alitumia pungufu zaidi. Tena kwa nini karani ampunguzie? Aligeuka nyuma kumtazama yule karani, umri wake, shati lake.

Siku iliyofuata jawabu lilikuwa tayari kichwani mwake, na alilirudiarudia mpaka likawa laini. Alituma laki tatu. Kilichosimama kinagharimu laki mbili. Laki moja haipo. Haikuwa nyingi kiasi cha kumuua, wala ndogo kiasi cha kuachwa. Kwa namna fulani ilimtuliza. Alikuwa ameshuku bila umbo, sasa shaka yake ina uzito na inashikika.

Akaenda kumwita Tirpit, aje aseme mbele ya nyumba.

Tirpit alikuja jioni, polepole, akachuchumaa kando ya bomba. Khelawan alisimama mbele yake na kumsomea mashitaka. Mzee alisaga tumbaku yake kiganjani mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Nataka kujua laki moja iko wapi, na nataka kujua siku ile mlitazamana nini na mke wangu."

"Njoo hapa penye bomba. Simama hapa chini. Sakafu ya veranda inakufika wapi?"

Khelawan alitazama. "Kiunoni."

"Na ya baba yako ilikuwa wapi?"

"Hapahapa chini."

"Hiyo tofauti ni hewa?"

Khelawan aligeukia zile ngazi. Tangu alipofika alikuwa akipanda ngazi zile na kushuka, na miguu yake haikumwambia kitu.

"Trekta zilikuja hapa kutwa nzima, siku baada ya siku," alisema Tirpit. "Kifusi kilimwagwa, kikanyeshewa, kikashindiliwa, kikazama, kikamwagwa tena. Hapa palikuwa bonde, unakumbuka? Msingi wenyewe umeshuka zaidi ya urefu wako, maana huko juu ni tope la mto tu. Chini ya hii nyumba kuna laki mbili. Juu unaona mbili. Na paa bado, laki yake ya tatu. Nilisema tatu, sikusema uongo."

"Ulisema tatu ndiyo yote."

"Wewe ndiye uliyesema yote. Mimi nilisema tatu. Hapa kwetu nani anataja kinachofukiwa kabla sakafu haijafungwa? Usimame juu ya ardhi yenyewe, umtajie utamlisha nini, ili aombe zaidi? Tena ardhi hii, iliyokwisha kula nyumba mbili? Bei inatajwa kuanzia usawa wa udongo kwenda juu. Ya chini kila mtu anajiongezea moyoni. Ukisikia tatu, unatafuta tano. Hata mtoto anajua. Nilimtazama mkeo nione kama amejiongezea, akanitazama, nikaona amejiongezea. Wewe nikakuona unatikisa kichwa, nikasema huyu naye amejiongezea."

"Baba hakunifundisha."

"Baba yako, Mungu amweke pema, alifunga mianzi. Hakufukia kitu."

Mbuzi wa Kalawati alitoka dirishani akawatazama. Ukungu ulikuwa unashuka juu ya mashamba ya mahindi ng'ambo ya reli. Kwa muda Khelawan alihisi kama mtu aliyebeba mzigo mkubwa njia nzima, kisha akaambiwa si wake. Angeweza kuutua. Tirpit mwenyewe alikuwa akimsubiri autue. Lakini hesabu haikumwacha.

"Kwa hiyo mpaka hapa zimeingia laki nne."

"Na kitu."

"Mimi nimetuma tatu."

"Haya."

"Haya nini, Mzee? Moja imetoka wapi?"

Tirpit alitema mate. "Mimi nilipewa pesa nikafanya kazi. Sikuziuliza zimelala kwa nani."

"Ulimdai ukamngoja? Kwa nini umngoje? Au wewe ndiye uliyempa?"

Mzee alicheka, kicheko kikavu, kisha akainuka kwa kushikilia mpini wa bomba. "Asubuhi ulikuwa unatafuta mwizi. Jioni hii unatafuta mtoaji. Una kazi nyingi, kijana. Ningekuwa na laki ya kumpa mwanamke, ningemrudisha wangu kwao akapumzike." Alivaa kandambili zake. "Waulize wenye dada."

Kijiji cha Saryug kilikuwa ng'ambo ya mifereji miwili. Khelawan aliazima baiskeli. Njia nzima alijaribu kuzikasirikia laki nne kwa hasira ileile aliyokuwa nayo kwa laki mbili, na akaona inafaa vilevile, kama shati la mtu linalomkaa mwingine. Mwanamke anayeiba ana sababu. Mwanamke anayepewa ana sababu kubwa zaidi. Nani anampa mke wa mtu laki moja, na kwa nini?

Desturi ya nyumba ile ilikuwa kumpokea mume wa dada yao kwa maji ya miguu hata kabla hajaketi. Mara hii Saryug alimwona akiingia uani na hakuinuka kitandani pake pa kamba. Mkewe alichungulia, akarudi ndani. Hakikuletwa kigoda, wala maji.

"Umekuja kuchukua na mianzi iliyobaki?" aliuliza Saryug.

"Mianzi gani, shemeji?"

"Usiniite shemeji kwa mdomo mtamu. Mlipanga wote."

"Sijapanga kitu. Sijui kitu. Nimetoka Ludhiana."

Saryug alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kutazama watu hivyo, mwembamba wa uso kama dadake. "Kweli hujui," alisema hatimaye, na ilionekana hilo lilimuudhi kuliko angejua. "Alikuja hapa mvua zilipoanza. Alikaa hapo ulipo. Alitaka fungu lake la urithi wa baba. Nikamwambia, dada, dada haombi fungu. Dada anamwachia kaka fungu, na kaka anamwachia dada mlango. Ukiugua, unakuja. Ukigombana na mumeo, unakuja. Chhath kapu linakufuata ulipo. Mama alifanya hivyo, shangazi walifanya hivyo. Akasema anajua. Akasema sheria inampa. Akasema sakafu yake haijafungwa na mvua zimeanza, na pesa za mumewe zinachelewa." Saryug alisugua magoti. "Akachukua kile kipande cha mianzi kando ya bwawa. Akakiuza. Unajua alimuuzia nani? Jiwachh. Mtu aliyempeleka baba yetu polisi. Kwa sababu alikuwa anatoa pesa siku hiyohiyo."

"Ungempa wewe hiyo pesa."

"Nina pesa mimi? Niangalie."

Khelawan aliangalia. Hakuweza kujizuia, macho yake yalipanda yenyewe mpaka kwenye paa. Lilikuwa la vigae vya zamani, vyeusi kwa moshi na kuvu, na pembeni palipovunjika palikuwa pamefunikwa gunia la plastiki na kukandamizwa kwa matofali.

"Unatazama nini huko juu?" aliuliza Saryug.

Khelawan alisema hatazami kitu. Alisukuma baiskeli mpaka nje ya ua kabla ya kuipanda. Ng'ombe wa Saryug alikuwa amefungwa mlangoni, mmoja, mzee, mbavu zake zinahesabika.

Kurudi hakuwa na mtu wa kumshuku. Lilikuwa jambo geni, karibu kama kupoteza jino. Ulimi ulirudi pale kila mara na kukuta pengo. Njiani alielewa kitu ambacho pesa zote alizozidisha hazikumwonyesha. Siku alipomtaja yule kaka na bati lake, Rampari alikuwa amekwisha kuuza mianzi. Alikuwa hana tena mlango wa kukimbilia wakati mumewe alipomfungia wa kwake.

Kwenye simu Nutan hakutaka kusema mama yake yuko wapi. "Baba, yuko salama. Anakula. Ameniambia nisikwambie." Khelawan alipiga tena kesho yake, na keshokutwa, akiomba, naye si mtu aliyezoea kuomba. Mwishowe mume wa Nutan ndiye aliyechukua simu na kutaja mtaa mmoja wa Purnia, bweni la wasichana wanaosoma, jikoni.

Alinunua samaki, kisha akaona aibu ya samaki, akawapa watu kituoni. Alifika mchana. Mlinzi wa geti alimwambia angoje nje, wanaume hawaingii, na akaingia kumwita mpishi. Rampari alitoka huku mikono imejaa unga wa ngano mpaka viwikoni. Alikuwa amepungua. Alipomwona, hakushtuka, wala hakufunika kichwa kama afanyavyo mbele yake.

"Wamemwagilia maji ile linta?" aliuliza.

"Linta gani?"

"Ya kwetu. Zege likikauka haraka linapasuka. Nilimwachia Kalawati kazi hiyo."

"Sijui. Nadhani wamemwagilia. Mama Nutan, nimekwenda kwa Saryug."

"Alikupa maji?"

"Hakunipa."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyesikia bei aliyoitarajia. Wasichana wawili walitoka getini wakicheka, wakamsalimu, wakamwita mama, wakapita.

"Sikujua habari ya kifusi," alisema Khelawan. "Ile desturi. Tirpit ndiye aliyenieleza. Mimi nilisikia tatu, nikajua tatu."

"Ulitikisa kichwa."

"Nilitikisa. Sikutaka mwone sijui."

Rampari alikwangua unga uliomganda kidoleni, taratibu. Kitu fulani usoni pake kililegea, kidogo sana, na Khelawan alikiona.

"Ungeniuliza tu," alisema Rampari. "Ningekunong'oneza. Hata kwenye simu ningekunong'oneza, ardhi isisikie."

"Twende nyumbani. Nitauza hata figo, tutapiga paa. Sakafu ni yako. Hakuna maji yatakayoijua."

Rampari alitazama barabara, rikisha, vumbi, mtu anayechoma mahindi. Ilionekana anapima. Khelawan alimjua akipima, alimwona akipima tela la mchanga, alijua mtu hatakiwi kumsemesha. Angenyamaza tu. Lakini katika kunyamaza macho yake yalizunguka, yakamwona mlinzi wa geti, kijana wa masharubu, aliyekuwa akiwatazama, na kwa nini awatazame, na swali likatoka lenyewe, likiwa tayari limekamilika.

"Kazi hii alikutafutia nani?"

Rampari alimgeukia. Hakukasirika. Alimtazama jinsi alivyokuwa akitazama glasi yake, akisubiri kilichomo kitulie ili aone unene wa tope, na alipokwisha kuona, alijifuta mikono kwenye sari, mmoja kisha mwingine.

"Ufunguo uko kwa Kalawati," alisema. "Ukipiga paa, usinunue mchanga wa juu ya tela."

Akaingia ndani. Mlinzi alifunga geti.

Khelawan yuko Ludhiana, anatuma pesa kila mwezi, na kila mwezi zinarudi. Rampari yuko Purnia. Anapika katika bweni lilelile, na analala katika chumba cha nyuma ya jiko pamoja na mpishi mwenzake mmoja, mjane wa kutoka Araria.